Filamu Ndogo za Nyumbani na Jinsi Zilivyokwisha

Wanafunzi wetu wamezaliwa katika zama za simu, nao hudhani kwamba picha inayokwenda ni jambo la kubonyeza kidole tu. Zamani haikuwa hivyo. Sinema ilikuwa kitu cha kushika mkononi: ukanda mrefu, mwembamba, unaong'aa, wenye vipicha vilivyopangana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila kipicha kilitofautiana kidogo tu na mwenzake, na ukanda ulipopitishwa mbele ya taa kwa haraka, vipicha 16 au 18 kwa kila sekunde, jicho lilidanganyika likaona mtu anatembea. Ukanda wa namna hiyo ndio nitakaoueleza hapa, maana wazazi wameuliza kwa nini zile roli zilizoletwa shuleni mwaka jana hazijaonyeshwa hadi leo, na kwa nini zinahitaji fedha. Jibu lake haliwezi kueleweka mpaka mtu ajue kwanza vitu hivi vilikuwa nini, na vilikwishaje.

Sinema kubwa za mijini zilitumia ukanda wenye upana wa milimita 35. Huo ulikuwa ghali, na kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi mno. Haukufaa asilani kuwekwa sebuleni. Kwa hiyo watengenezaji wakatafuta ukanda mdogo, usiowaka ovyo, wa kutumiwa na watu nyumbani. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa ukanda wa milimita 9.5, wenye matundu katikati, baina ya kipicha na kipicha. Mwaka uliofuata, 1923, Kodak ya Marekani ikatoa ule wa milimita 16. Kisha, mwaka 1932, wakati dunia nzima ilipokuwa imebanwa na hali mbaya ya biashara, Kodak ikatoa ukanda wa milimita 8 kwa wale wasioweza kulipia wa 16.

Huo wa 8 ulitengenezwa kwa werevu. Ndani ya kamera ulikuwa bado na upana wa 16. Ulipigwa picha upande mmoja hadi mwisho, ukageuzwa, ukapigwa upande wa pili. Baada ya kusafishwa kwa dawa ulipasuliwa katikati kama ukindu, na vipande viwili vikaungwa vikawa ukanda mmoja wa mita 15 hivi. Mita hizo 15 zilikuwa sinema ya dakika 4 na kidogo tu, na mwenyewe alihesabu kila sekunde.

Katika nchi yetu ukanda wa milimita 16 ulitoka nyumbani kwa matajiri ukaingia katika kazi za umma. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa Bantu Educational Kinema Experiment, na msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt. Walichagua milimita 16 kwa sababu ya urahisi wa bei. Sauti haikuwa ndani ya ukanda. Ilipigwa kwa sahani za santuri zilizozungushwa pembeni. Zilitengenezwa filamu 35. Zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu tu, na moja kati ya hizo tatu ilipigwa hapa kwetu Morogoro: ni filamu ya mwaka 1936 juu ya jaribio la mashamba ya wakulima huko Kingolwira, pale pale tunapopita kila tuendapo Dar es Salaam. Leo imehifadhiwa London, katika taasisi ya filamu ya Uingereza. Mtu wa Kingolwira anayetaka kuona babu zake walivyolima hana budi kuwaomba Waingereza.

Baadaye Serikali ilipeleka sinema vijijini kwa magari yenye mashine za milimita 16, na wazee wengi wanakumbuka kukaa chini uwanjani usiku wakitazama shuka jeupe. Hizo ni habari za siku nyingine. Turudi kwenye filamu za nyumbani.

Yafaa sasa tuingie kidogo katika Kemia. Juu ya ukanda mna utando wa gelatini, kitu kile kile kinachopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, na ndani ya gelatini mna chembe ndogo za bromidi ya fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hizo hubadilika kwa namna ambayo jicho haliioni, mpaka dawa izifanye kuwa fedha nyeusi. Katika picha za kawaida za zamani, panapatikana kwanza negativu, ambamo mtu mweupe huonekana mweusi na mweusi mweupe, kisha kutokana na negativu hiyo hupigwa nakala hata mia. Filamu za nyumbani hazikufanywa hivyo. Ili kupunguza gharama, ukanda wenyewe uligeuzwa wakati wa kusafishwa, ukarudi ukiwa picha kamili. Ukanda uliokuwa ndani ya kamera siku ya arusi ndio huo huo ulioonyeshwa ukutani baadaye. Hapakuwa na negativu, wala nakala ya pili. Naomba msomaji alishike neno hili, maana uamuzi wetu wote juu ya zile roli unatoka hapo.

Mwaka 1935 Kodak ilitoa filamu ya rangi iliyoitwa Kodachrome, kwanza kwa milimita 16, na mwaka 1936 kwa milimita 8. Ilikuwa nzuri ajabu. Lakini ilikuwa na tabia moja ambayo ilikuja kuiua. Filamu nyingine za rangi zina mbegu za rangi ndani ya utando wake tangu kiwandani, na dawa huziamsha tu. Kodachrome haikuwa na mbegu hizo. Ilikuwa na tabaka zinazopokea mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini rangi zenyewe zilitiwa wakati wa kusafishwa, moja baada ya moja, kwa dawa mbalimbali na kwa kipimo kikali cha joto na muda. Hiyo haikuwa kazi ya fundi mwenye chumba cha giza nyuma ya duka. Ilihitaji mtambo mkubwa na wakemia. Ndiyo maana katika nchi nyingi mtu aliponunua Kodachrome, bei ilikuwa pamoja na ya kusafisha: alipomaliza kupiga aliitia posta, ikaenda ng'ambo, na baada ya majuma kadhaa ikarudi katika kijisanduku cha manjano.

Hivyo ndivyo walivyofanya maofisa, mapadre, madaktari, wenye mashamba ya mkonge, na baadhi ya jamaa za Kihindi mijini. Walipiga picha za watoto wao, mbwa wao, safari zao. Na nyuma ya watoto na mbwa, bila kukusudia, walipiga picha za nchi yetu. Wengi waliondoka na roli zao. Katika mji wa Bristol, Uingereza, palikuwa na jumba la makumbusho ya himaya na Jumuiya ya Madola ambalo lilikusanya filamu nyingi za watu binafsi zilizopigwa katika makoloni. Jumba hilo lilipofungwa, mkusanyo wake ulikabidhiwa kwa hifadhi ya nyaraka ya mji huo mwaka 2012.

Mwaka 1965 Kodak ilifanya badiliko kubwa. Ikatoa Super 8, ukanda ule ule wa milimita 8 lakini wenye matundu madogo zaidi, ili kipicha kipate nafasi kubwa. Tena ulikuwa ndani ya kasha la plastiki lililoingizwa kamerani mara moja, bila kuhangaika gizani na kuupitisha ukanda kwenye magurudumu. Mwaka huo huo Fuji ya Japani ilitoa mtindo wake ulioitwa Single-8. Watu walifurahi, na kwa haki. Lakini waliokuwa na kamera na mashine za 8 ya zamani waliona mlango unaanza kufungwa, maana meno ya mashine moja hayaingii katika matundu ya ukanda wa mwingine. Huo ulikuwa mwanzo wa desturi ya biashara hii: kila jipya lilikuja likiitwa badala ya la zamani, na kila badala iliacha kitu nyuma.

Kilichoziua filamu za nyumbani hasa ni video. Katika miaka ya 1980 zilitokea kamera za kaseti ambazo mtu aliweza kuona alichopiga jioni ile ile, kwa saa nzima, na kaseti ikafutwa ikatumiwa tena. Nani angetaka tena dakika 3 na sekunde 20 za Super 8, kisha angoje posta? Wauzaji walipungua. Filamu ya Super 8 yenye sauti, iliyoanza mwaka 1973, iliachwa mwaka 1997. Kodachrome ya Super 8 ilitangazwa mwaka 2005 kwamba haitatengenezwa tena, na badala yake ikawekwa filamu nyingine iliyoitwa Ektachrome 64T. Hiyo ina mbegu za rangi ndani, kwa hiyo hata mtambo mdogo waweza kuisafisha. Lakini ilikuwa na chenga zaidi kuliko Kodachrome, na baadhi ya kamera za bei nafuu, ambazo zilifundishwa kutambua makasha ya aina mbili tu, hazikuitambua, zikakosea kipimo cha mwanga. Mwaka 2010 hiyo nayo ikaondolewa, ikaja Ektachrome 100D. Mwanzoni mwa 2012 Kodak iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake, na mwaka huo huo ikatangaza kuacha Ektachrome zote. Fuji iliacha kutengeneza filamu za kupigia sinema mwaka 2013. Halafu, jambo ambalo wachache walilitazamia, Kodak ilirudisha Ektachrome mwaka 2018, ikiwemo ya Super 8, kwa sababu vijana wa Ulaya na Marekani walianza kuipenda upya. Bei yake si ya watu wa kawaida, nami sioni kama itashuka.

Katika orodha hii yote jambo kubwa ni moja. Filamu inapoachwa, hakiondoki kile kisanduku cha dukani peke yake. Huondoka dawa zake, huondoka mtambo, huondoka wenye ujuzi, na balbu za mashine ya kuonyeshea, na mipira ya kuizungusha. Mtambo wa Kodachrome wa Uswisi ulifungwa mwaka 2006. Mwishowe ukabaki mmoja tu duniani, wa watu wanaoitwa Dwayne's Photo, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas huko Marekani. Kodak iliacha Kodachrome ya kila aina mwaka 2009, na siku ya mwisho ya kupokea filamu huko Parsons ilikuwa 30 Desemba 2010. Baada ya hapo, mtu aliyekuwa na roli ya Kodachrome iliyopigwa picha lakini haijasafishwa, ameshika rangi ambazo hazitatoka tena. Yaweza kusafishwa ikatoa nyeusi na nyeupe. Rangi hakuna, kwa sababu hazikuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Basi tuje kwenye roli zetu. Ni nne, za milimita 8 ya zamani, katika visanduku vya manjano vya Kodachrome. Zililetwa na mzazi mmoja wa hapa Kinole. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mjini Morogoro, na Mzungu huyo alipoondoka nchini alimwachia sanduku la vyombo, ambamo zikawamo roli hizo. Zilikaa darini miaka yote hiyo. Kwa bahati njema zimeshasafishwa tangu zamani, kwa hiyo rangi zipo. Nilikunjua kiasi cha urefu wa mkono kutoka roli moja, nikiwa nimevaa mifuko safi ya mikono, nikautazama dirishani kwa lensi ya maabara. Wanaonekana wanawake na wanaume juu ya mteremko, majembe mikononi, wakikata ngazi katika udongo mwekundu.

Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa ngazi hizo. Ni mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miaka ya 1950 hadi 1955, mpaka watu walipokataa na fujo kutokea Matombo Julai 1955, na mpango ukaachwa. Tumesoma habari hizo katika vitabu vilivyoandikwa na maofisa na wataalamu. Kuwaona wachimbaji wenyewe wakienda na kurudi, na nyuso zao, ni jambo lingine. Tena roli nne ni dakika 16 na sekunde 40 tu, na nakala yake haipo popote duniani.

Baadhi ya wazazi walipendekeza zionyeshwe siku ya mahafali, maana mjini yupo mtu mwenye mashine ya zamani iliyo nzima. Najua walivyo na hamu, na mimi ninayo. Lakini nimeomba tungoje, kwa sababu hii. Ukanda wa filamu hizi ni wa asetati. Asetati ikikaa katika joto na unyevu huanza kuoza, ikitoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Na asidi hiyo huharakisha kuoza, kama embe moja bovu katika kapu. Wataalamu wa Rochester, Marekani, walikadiria kwamba katika joto la nyuzi 21 na unyevu wa nusu, filamu mpya huanza kunuka siki baada ya miaka 40 au 50. Hiyo ni Rochester. Sisi tuko Kinole, ambako ukungu hushuka asubuhi hadi mlangoni na karafuu zisipokauka vema huvunda ndani ya gunia. Lugha yetu haikukosea ilipouita ukungu wa mlimani na ukungu wa mkate kwa jina moja.

Roli mbili kati ya zile nne zinanuka siki tayari. Ukanda unapofikia hali hiyo husinyaa. Ukisinyaa hata sehemu moja tu katika mia, meno ya mashine hayaingii tena sawasawa matunduni, huyararua. Tena taa ya mashine ni ya moto mkali, na ukanda ukikwama mbele yake kwa sekunde mbili kipicha huyeyuka. Kuzionyesha mara moja siku ya mahafali huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho.

Wengine wameuliza, na swali lao ni la haki, kwa nini tusinunue filamu mpya tukazinakili. Nadhani sasa jibu linaonekana: ukanda wa kunakilia wa namna hiyo na mtambo wake vilikwenda pamoja na biashara yake. Njia iliyobaki ni kuzipiga picha kipicha kimoja kimoja kwa mashine ya kompyuta isiyo na meno, inayovuta ukanda polepole kwa magurudumu laini. Roli zetu nne zina vipicha kama 16,000. Kazi hiyo hulipiwa, na hiyo ndiyo fedha itakayojadiliwa na kamati ya wazazi. Nakala za kompyuta nazo zisidhaniwe kuwa za milele. Mashine za kaseti za VHS, zilizoua filamu, zenyewe ziliacha kutengenezwa mwaka 2016, na leo mwenye kaseti ya arusi yake hana pa kuichezea. Kwa hiyo nashauri nakala ziwe tatu na ziwekwe mahali patatu mbalimbali, na roli zenyewe zisitupwe asilani hata baada ya kunakiliwa.

Huenda zipo roli nyingine katika nyumba za Kinole na vijiji jirani, hasa kwa jamaa za waliokuwa wapishi, makarani, walimu na wahudumu wa misheni. Mwenye nayo aitazame hivi. Kama upana wake ni kama wa ukucha wa kidole gumba, ni milimita 16. Kama ni nusu yake, ni 8: tundu likiwa kwenye mstari unaotenga kipicha na kipicha, ni ya zamani; tundu dogo likiwa usawa wa katikati ya kipicha, ni Super 8. Matundu yakiwa katikati ya ukanda wenyewe, ni ile ya Kifaransa, nayo ni adimu. Asiioshe kwa maji, asiikunjue juani, wala asiifunge ndani ya mfuko wa nailoni, maana asidi hukosa pa kutokea. Aiweke katika sanduku la karatasi, chini ya kitanda na si darini wala karibu na jiko. Inayonuka siki itengwe na nyingine.

Roli zozote zaweza kuletwa maabara siku ya Jumatano baada ya masomo, zikiwa na jina la mwenyewe juu yake. Zitapimwa mbele yake, kisha atarudi nazo nyumbani siku hiyo hiyo.